Sala ya Mizunguko Miwili

Dada yangu alijifunza kukimbia kwa sababu ya ugali wa baba. Miaka ya baadaye waandishi wa magazeti walimuuliza nani alikuwa mwalimu wake wa kwanza, naye akamtaja mwalimu wa michezo wa shule ya kati, mtu mwema, Mungu amrehemu. Mimi nilicheka peke yangu. Mwalimu wake wa kwanza lilikuwa bakuli la mboga.

Tulikaa Shangani, Mtwara, kwenye nyumba za wafanyakazi wa bandari. Baba alikuwa karani gatini, kazi yake kuhesabu magunia ya korosho yanayopanda melini. Alitoka milima ya Njombe, kwenye baridi, na pamoja na unyenyekevu wake wote mbele za Mungu alikuwa na kiburi kimoja: hakula ugali uliopoa. Kengele ya mchana ikilia bandarini, chakula kiwe kimeshafika, na moshi unatoka. Kwa hiyo mama alipakua kengele ikikaribia, akafunga sahani na bakuli kwa kitambaa, akamkabidhi dada, na dada akatimua mbio, peku, kwenye mchanga wa moto, bila kumwaga hata tone la mchuzi. Nilisimama mlangoni nikimtazama akipungua, akipungua, mpaka akawa doa linalocheza kwenye mwanga. Nilikuwa na miaka minne au mitano. Siku nyingine nilidhani anayeyuka kweli.

Ndivyo ninavyoikumbuka Mtwara ya miaka ile, imejaa mwanga kupita kiasi. Maji yakipwa, ufuko uliongezeka ukawa nchi nyingine, nyeupe, na wanawake waliokwenda kuokota kome walionekana wadogo kabisa, wameinama, na vicheko vyao vilitufikia wao wakiwa wameshanyamaza. Harufu ya korosho zilizochomwa ilikuwa kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye Biblia ya baba. Upande wa kusini, huko Ruvuma inakoingia baharini, kulikuwa na vita vya ndugu zetu wa Msumbiji, na watu wazima walivizungumza kwa sauti ya chini. Kwangu vita vilikuwa upande wa mawingu, basi. Mtoto haoni mbali.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria nyingi, na kulikuwa na sheria moja. Zile nyingi zilikuwa za mama, zilivunjwa kila siku na maisha yakaendelea. Ile moja ilikuwa ya baba: sala ikianza macho yanafumbwa, na hayafumbuliwi mpaka Amina. Nyumba iungue, nyoka aingie, macho yamefumbwa. Na sala za baba hazikuwa fupi. Alianza na kuumbwa kwa mbingu na nchi, akapita kwa viongozi wa serikali, akawatembelea wagonjwa wodi kwa wodi, wasafiri wa nchi kavu na wa majini, ndipo akaufikia ugali, ambao, nashangaa mpaka leo, ulikuwa bado wa moto. Siku moja nilifumbua jicho moja, nusu, nikamwona kuku ametulia kwenye ungo wa unga kama mgeni rasmi. Nikacheka. Nilikula viboko viwili, na baba akaniambia, kwa upole ulionitisha kuliko fimbo, kwamba Mungu hasemi na watu wanaochungulia. Nilimwamini.

Kanisani nako hakuna kilichoanza bila sala. Jumatatu ya Pasaka tulifanya michezo kwenye kiwanja cha upande wa Likombe: mbio za magunia, mbio za yai kwenye kijiko, na mbio za akina mama, ambazo sikumbuki kama ziliwahi kumalizwa, kwa vicheko. Wakimbiaji wakishajipanga, mwinjilisti aliinua kitambaa cheupe, na mzee mmoja wa kanisa akaomba. Jua liwake litakavyo, kitambaa hakikushuka kabla ya Amina. Mama yangu hakuwahi kuona mbio za namna nyingine. Nayasema haya mapema ili msije mkamcheka bila haki.

Dada alimaliza shule, akapata kazi kwenye kiwanda kimoja cha nguo Dar es Salaam, na kiwanda kilikuwa na timu ya riadha. Haukupita mwaka, picha yake ikatoka gazetini: mguu mmoja hewani, mdomo wazi, na bukta fupi iliyoacha mapaja yote nje. Gazeti lilifika Mtwara limechelewa, likapita mikono mingi, mwishowe likafika kwenye mkutano wa wazee wa kanisa, ambako baba naye alikuwa mzee. Hakuna aliyemkemea. Mmoja alimuuliza tu kama huyo ni binti yake, kisha akalikunja gazeti taratibu na kuliweka uso chini.

Baba alirudi, akakaa mezani, akaandika barua. Mama ndiye aliyeniambia yaliyokuwamo. "Sikukatazi, mwanangu, umeshakuwa mtu mzima. Lakini macho yangu hayatakutazama ukiwa umevaa hivyo mbele za watu."

Na alikuwa mtu wa neno lake, ole wetu. Mwaka mmoja dada alikuja Mtwara na timu yake, akakimbia kwenye uwanja wetu wenyewe wa mjini. Shangani yote ilihama kwenda kumwona. Baba aliondoka asubuhi akisema anakwenda gatini kuhesabu magunia. Siku ile gatini hapakuwa na meli. Mama naye hakwenda, maana mke wa mzee wa kanisa haendi mahali mumewe alipokataa kwenda, na mimi nilibakizwa naye. Alikaa uani akitwanga. Kila kelele zilipopaa kutoka upande wa uwanja, mchi ulisimama juu, ukangoja, kisha ukashuka. Nilimwonea huruma mama, na kwa mara ya kwanza nilimchukia baba yangu, kwa muda wa kutwanga kinu kimoja cha mahindi.

Kisha ikaja barua nyingine. Dada amechaguliwa timu ya taifa, anakwenda Nairobi kwenye mashindano ya riadha ya nchi jirani, mita mia nane, mizunguko miwili ya uwanja. Mwishoni aliandika maneno ambayo mama aliyasoma kwa sauti mezani, mara mbili, ya pili polepole zaidi: "Mwambieni baba anitazame mara moja tu. Akinitazama mpaka mwisho, halafu akasema niache, nitaacha siku hiyo hiyo."

Baba alinawa mikono. "Nimesikia," alisema.

Kila baada ya miaka miwili baba alipewa likizo na nauli ya kwenda kwao, na zamu ilikuwa ya mwaka ule. Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akibishana na mumewe hata juu ya chumvi, alisimama na sufuria mkononi akasema, "Baba watoto, mwaka huu kwetu ni Nairobi."

Baba akasema, "Nitawasindikiza, siwezi kuwaacha msafiri peke yenu nchi ya watu. Kutazama ni jambo lingine."

Jirani yetu, Mmakonde, mke wa mchuuzi wa samaki, alikuja kutuaga na fuko la korosho za kukaanga. Alikuwa Mwislamu mwenye juzuu lake na tasbihi yake, na alimpenda dada kuliko alivyotupenda sisi wengine wote. "Shoga," alimwambia mama, "nwambieni mwanangu nkimbiaji huyo, nimempigia dua. Inshallah hashindwi." Kisha akamgeukia baba, ambaye alikuwa anafunga sanduku kwa kamba, akamtania: "Na wewe shemeji, utakwenda kutazama ukuta?" Baba alivuta kamba mpaka ikakatika.

Safari yenyewe ninayo vipande vipande tu. Meli ya abiria ikitoka kwenye ghuba yetu polepole, na nyumba za Shangani zikizunguka badala ya sisi. Mama ametapika mpaka amekuwa mwepesi, kichwa chake mapajani pangu, na baba juu yetu akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya puani, si kwa watu, kwa mawimbi. Kisha basi, na basi jingine. Watu wakinionyesha mlima mkubwa, nami nikitazama mahali kidole kinapoelekea na kuona wingu, nikasema nimeuona. Twiga kando ya barabara karibu na Namanga, akitutazama kama sisi ndio wa ajabu. Kwa siku zile sijui nilikuwa macho wakati gani na nimelala wakati gani. Nikifumbua macho, nchi ilikuwa nyingine tena.

Nairobi tulipokelewa na familia ya mzee wa kanisa la huko, watu wema sana. "Ati mnatoka Mtwara?" aliuliza mama wa nyumba. "Hiyo iko wapi? Ingieni, kuna baridi, mtoto apewe sweta." Tulikula ugali mweupe na sukuma wiki. Baba aliombea chakula, na kwa baridi ile, sala ilipofika kwa wasafiri wa majini ugali ulikuwa umeshapoa kabisa. Nilimtazama. Alikula bila neno, tonge baada ya tonge, macho yakiwa mbali. Hapo nilijua kwamba baba yangu anaumwa kitu.

Tulikwenda kumwona dada siku moja kabla, kwenye geti la hosteli walikowekwa. Alitoka mbio, akamwona baba, akapunguza, akatembea, akapiga magoti pale pale kwenye lami kama wanavyofanya kwao baba, Njombe. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. U mzima?"

"Mzima, baba."

Basi, ikawa imekwisha. Dada hakuuliza kama atatazama, na baba hakusema. Mama ndiye aliyetoa kitambaa cheupe alichokipinda mwenyewe kwa mkono, akamfunga dada kichwani, akakaza fundo kisogoni. "Chini siwezi kukuongezea," alimnong'oneza, lakini mnong'ono wa mama husikika mtaa wa pili. "Angalau kichwa kifunikwe, baba yako apate pa kutazama."

Siku ya mbio, mwenyeji wetu alitufikisha uwanjani akatuonyesha pa kukaa, akaenda kazini kwake. Sijawahi kuona watu wengi vile. Bendera zilikuwa nyingi, bendi ilikuwa inapiga mahali nisipopaona, na majani ya uwanja yalikuwa ya kijani kibichi hata yakanitia usingizi. Wanaume wanarusha mikuki. Mtu mmoja anaruka upau, anaanguka, anaruka tena. Mama alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Alikuwa ameingoja siku hii tangu siku ya kinu. Baba alikaa kati yetu na kofia yake magotini, akitazama kofia.

Kipaza sauti kikasema jambo. Wasichana wakatoka chini ya jukwaa, na mmoja wao alikuwa na fulana ya kijani na kitambaa cheupe. "Yule," nilisema. "Mama, yule!" Wakaenda kwenye mstari wa kuanzia, mbali kidogo upande wetu huu wa uwanja, wakaanza kujipanga. Na mama, mke wa mzee wa kanisa, alifanya kile ambacho amefanya kila Jumatatu ya Pasaka maisha yake yote. Alisimama, akainamisha kichwa.

"Baba watoto," alisema, "wameshajipanga. Tuombee."

Baba alimtazama mama. Nadhani alishukuru. Alisimama naye, nikasimama nami, na kwa sauti yake ile ya gatini akaanza: "Ee Mungu, Baba yetu, uliyeziumba mbingu na nchi..." Nikafumba macho.

Mlio wa bastola ulipasuka. Nilimsikia mama akishtuka, lakini hakufumbua. Baadaye alisema alidhani ni wale wa mikuki. Kelele zikaanza kupanda, na baba alikuwa bado kwenye viongozi wa serikali.

Nilifumbua. Sitajitetea. Nilifumbua macho yote mawili wazi kabisa, nikamwona dada yangu akija kwetu kwenye mstari mrefu ulionyooka mbele ya jukwaa, wa tatu, mgongo umenyooka na mkono mmoja ameushikilia karibu na kifua, vile vile, naapa, alivyoshika fundo la chakula. Alipita chini yetu. Niliona jasho kwenye shingo yake. Kila kitu kikawa polepole na bila sauti, wasichana wote wanaelea, na mimi nilikuwa tena mlangoni Shangani, na mchanga unawaka. Nilitaka kulia. Nikageuza uso ili baba asinione, na hapo nikamwona baba.

Macho ya baba yalikuwa wazi.

Hakuniona. Alikuwa anatazama uwanjani kwa macho makubwa ambayo sikuyajua, machozi yanateremka hadi kwenye ndevu, na mdomo unaendelea kuomba. Lakini sala ilikuwa imeacha njia yake. Hapakuwa na wagonjwa tena, wala wasafiri. "Mpe pumzi, Bwana," alisema. "Mpe pumzi. Bado mzunguko mmoja, Bwana. Asiharakishe, Bwana. Huyo wa mbele amechoka, Bwana, unamwona..."

"Ndiyo, Bwana," mama aliitikia, macho yamefumbwa kwa nguvu hata mikunjo ikatoka.

"Sasa, Bwana. Sasa! Apite nje. Apite nje, Bwana!"

"Ndiyo, Bwana."

Na alipita nje. Upande wa pili wa uwanja fulana ya kijani ikatangulia, ikaingia kwenye kona ya mwisho peke yake. Hapo dada akageuka. Aligeuza kichwa kutazama nyuma, mara moja tu, begani, na hatua yake moja ikawa fupi, na msichana mrefu wa nchi mwenyeji akampita kwa ndani. Walipotoka konani kitambaa kilimfunguka. Niliona kikipaa nyuma yake, cheupe, kikizunguka hewani bila haraka yoyote, na nywele zake zikabaki wazi mbele za watu wote wale. Akakimbia hivyo mpaka kwenye utepe. Alikuwa wa pili.

"Amina," alisema baba.

Nilifumba macho upesi ili niyafumbue pamoja na wenzangu. Mama alijipangusa uso, akaketi, akauweka mkoba vizuri, akautazama uwanja kwa furaha.

"Haya," alisema. "Wanaanza lini?"

Bwana mmoja wa mstari wa mbele yetu aligeuka. "Zimeisha, mama. Yule wenu amekuwa namba mbili."

"Zimeisha zipi?" mama aliuliza.

Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Alirudia tu, kwa sauti ndogo, "Lakini tulikuwa hatujasema Amina," akaendelea kukaa wima vile vile, akitazama majani matupu, mpaka watu wote wakatoka. Nilijua ninachopaswa kusema. Kama ningesema dada alikimbiaje, ningekuwa nimesema kwamba nilichungulia, na kama ningesema juu ya kitambaa ningemvunja moyo kabisa. Na baba nisingeweza hata kumtazama. Nikanyamaza. Baba naye akanyamaza.

Dada alitukuta nje, amevaa suti yake ya mazoezi, medali ameifunga kwenye leso. Mama alimkumbatia akamwambia ukweli wake wote: "Baba yako amekuombea, mwanangu. Mbio nzima."

"Mbio nzima?" dada aliuliza.

"Mbio nzima, hakupumzika."

Dada alimtazama baba. Baba alikuwa anafuta kofia yake kwa mkono wa koti. Nilitegemea aseme. Nilimwomba Mungu, kwa macho wazi, aseme. Alisema, "Hongera, mwanangu. Vaa vizuri, kuna upepo."

Asubuhi yake dada alikuja kutusindikiza kituo cha mabasi. Wazazi walipokuwa wanahangaika na sanduku alinivuta pembeni, akanishika mabega. "Nikuulize kitu, mdogo wangu. Baba hakunitazama hata kidogo?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilifikiria fimbo. Nilifikiria uso wa baba, vile nitakavyokuwa nimemvua nguo mbele ya mtoto wake. Zaidi nilifikiria fimbo. "Alifumba macho," nilisema.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa alichokijua. "Basi nimepata jibu langu. Nitarudi kiwandani nishone mashuka." Akacheka kidogo, na kicheko kile nimekuwa nacho miaka hii yote. Nimewahi kusema uongo mwingine maishani, mkubwa zaidi kuliko ule, lakini hakuna ulionichoma vile.

Tukapanda. Dada alisimama chini ya dirisha letu, akishika mkono wa mama aliyekaa dirishani. Mimi nilibanwa katikati, baba upande wa njia. Dereva akawasha gari. Mama alikuwa anatoa maagizo ya mwisho, kula, kuvaa, kusali. Basi likaanza kutikisika, mkono wa dada ukaachia, na hapo baba akainuka. Aliegemea juu yangu, akaegemea juu ya mama, kofia ikamwanguka, akatoa kichwa na bega zima dirishani, na kwa sauti ya kuwaita wapagazi gatini akapaza:

"Pale konani uligeuka kutazama nyuma! Siku nyingine usigeuke! Mke wa Lutu aligeuka!"

Nilimwona dada kupitia kwapa la baba. Alisimama katikati ya moshi, mdomo wazi kama kwenye picha ya gazeti. Kisha akaanza kukimbia kufuata basi, na viatu vyake vya mjini na sketi ndefu, akicheka na kulia, akipunga mikono yote miwili, na baba akimpungia, mpaka tukakata kona.

Baba akaketi. Akaokota kofia. Ndani ya basi palikuwa na kelele za kuku na za watoto, na mama alikuwa amemgeukia.

"Aligeuka?" aliuliza.

Baba alipangusa vumbi kofiani.

"Mume wangu. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nasali?"

Sikuwahi kumwona baba akikosa neno, mtu aliyeweza kusema na Mungu robo saa bila kumeza mate. Aligeuza kofia, akaitazama kwa ndani. "Nilianza vizuri," alisema hatimaye. "Nilifika mpaka kwa viongozi."

Nilidhani mama atakasirika, na alikuwa na haki. Alitazama nje kwa muda mrefu. Nyumba zikaisha, ng'ombe wa Wamasai wakaanza, na tambarare ikafunguka kotekote, rangi ya simba, na anga lote juu yake. Kisha akaegemeza kichwa kitini, akafumba macho.

"Nihadithie," alisema. "Usiruke hata kidogo."

Na baba akahadithia. Alianza mbali, kama kawaida yake, na jinsi walivyotoka chini ya jukwaa, rangi ya kila fulana, nani alisimama mstari wa ngapi. Alikuwa karani, hakuacha mtu. Alisema bastola ilivyolia na dada alivyotoka wa tano, akawa wa tatu. Alisema mgongo wake ulivyonyooka. Mwanga wa Namanga uliingia dirishani ukatujaa mapajani, na mimi katikati yao nilikuwa nasikia mbio zile zikipita ndani ya kifua changu kwa mara ya pili, na nilikuwa nimelewa kwa usingizi, joto na furaha. Alifika upande wa pili wa uwanja. Alifika pa kupita nje. Akafika konani, akamgeuza dada kichwa, akampitisha yule mrefu kwa ndani, na mama akaguna kwa uchungu kama aliyekanyaga mwiba.

"Akatoka konani wa pili," alisema baba, "akajitupa mbele..."

"Na kitambaa kikadondoka," nilisema.

Niliusikia mdomo wangu ukisema. Baba alikatisha. Akanigeukia polepole, na uso wake ulikuwa karibu sana na wangu, na niliona anahesabu: kuku, viboko viwili, na Mungu asiyesema na watu wanaochungulia. Mama hakufumbua macho, lakini mkono wake ulikuja ukanishika goti.

"Kilidondoka kabla hajatoka konani," baba aliuliza, "au baada?"

"Baada, baba."

Alifikiri. "Baada," alikubali. "Kweli. Baada." Akaendelea, amemwachia dada yangu nywele wazi, akimleta kwenye mstari ulionyooka, hatua kwa hatua, mpaka kwenye utepe. Na mama, macho bado yamefumbwa, katikati ya basi lililojaa watu wasiotujua, akaanza kupiga makofi.